Usimwambie mdogo wako asahau

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua hii ni ndefu, mkiona mkate kateni popote, ila pale mwisho ninapoongea na yule kaka naomba mniachie.

Wiki mbili zilizopita mlitoa barua ya msomaji mmoja aliyesema hii habari ya kwenda kwa mwanasaikolojia ni kulea udhaifu tu, kwamba watu wa zamani walipitia makubwa kuliko haya wakanyamaza na maisha yakaenda. Sawa, ni maoni yake. Lakini katikati ya barua akataja kama kitu cha kupita tu kwamba mdogo wake alivamiwa na majambazi usiku, na mpaka leo analala kwenye kiti karibu na mlango, taa inawaka, na nyumbani wote wamemwambia asahau. Hiyo sentensi ya kiti nimeisoma mara nne. Manake na mimi nimelala kwenye kiti, tena na viatu miguuni, mwaka mzima na miezi juu.

Mimi nilipata ajali ya basi. Sitasema wapi wala basi la nani, haitasaidia kitu. Kabla hatujaondoka kuna binti alikuwa amekaa pembeni yangu akaniambia dada samahani, naomba nikae dirishani mi huwa natapika safarini, nikampisha nikakaa kiti chake. Njiani mvua ikanyesha sana, basi likateleza likalala, na lililala upande ule wa dirisha. Watu huwa wanadhani kinachobaki kichwani ni zile kelele. Kwangu ilibaki wipa. Basi limelala ubavu, watu wanaita mama zao, na wipa bado zinaenda, zinafuta kioo ambacho hakipo tena, zinakwaruza chuma, zinarudi, zinakwaruza. Yule binti hakutoka.

Mkono ulivunjika ukaungwa, nikaruhusiwa kurudi nyumbani, kila mtu akasema nimepona. Na mimi nikasema nimepona. Basi, ikaanza hivi: siku ya mvua sitoki. Baadaye hata mawingu tu sitoki. Nikawa natembea kwa miguu mwendo wa saa nzima kwenda kazini na watu wakanisifia eti nafanya mazoezi. Gari likifunga breki nje mi niko chini ya meza kabla sijajua nimefikaje pale. Usiku nikifumba macho niko kwenye basi, na sio kwamba nakumbuka basi, hapana, niko ndani yake, nasikia harufu ya dizeli. Nikawa mkali kwa mama yangu kwa vitu vya kijinga, sufuria kuanguka tu nampigia kelele halafu naenda kulia peke yangu. Mama akawa ananiambia mwanangu shukuru uko hai. Na hilo ndo lilikuwa linanimaliza, sababu kila akisema niko hai mi nasikia: na yule binti je?

Hali hii wataalamu wanaiita ugonjwa wa kiwewe, kwa Kiingereza PTSD, yaani tukio zito limepita lakini mwili na akili bado viko ndani yake. Sasa kaka yangu uliyeandika, unasema ni udhaifu. Hilo neno lina historia na naomba uisikie. Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia askari walirudi kutoka kwenye mahandaki wakitetemeka, wengine hawaongei, wengine hawaoni wala macho hayana kidonda, na mwaka 1915 daktari wa Uingereza Charles Myers akaandika kuhusu hali hiyo kwenye jarida la madaktari. Lakini jeshi lenyewe mara nyingi liliita uoga. Wanajeshi 306 wa upande wa Uingereza walipigwa risasi na wenzao kwa makosa kama kutoroka na uoga, na kati yao walikuwemo waliokuwa wagonjwa kabisa wa hali hiyo. Serikali ya Uingereza ilikuja kuwasamehe mwaka 2006, yaani karibu miaka 90 baadaye, wakati wajukuu zao nao wameshazeeka. Hao ndio watu wa zamani "walionyamaza". Kwa hiyo tukisema zamani watu walikuwa imara tujiulize na waliovunjika walipelekwa wapi. Ugonjwa huu wa kiwewe madaktari wa Marekani waliuweka rasmi kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya kelele nyingi za maaskari waliotoka Vietnam, na wanawake waliobakwa nao walionekana wana dalili zilezile, kwa hiyo sio jambo la vita tu. Mwili haujali umevunjwa na nani.

Na nisieleweke vibaya, sisemi kila aliyepata msiba au ajali akimbie kwa mtaalamu. Shirika la Afya Duniani linasema kama asilimia 70 ya watu duniani hupitia tukio zito la namna hii angalau mara moja maishani, lakini waliowahi kupata ugonjwa wenyewe ni kama asilimia 3.9. Maana yake wengi wanapona wenyewe, wakiwa na watu wao, wakipata usingizi, wakirudi kwenye kazi zao taratibu. Wiki za mwanzo kutetemeka na kuota ni kawaida kabisa. Ndo maana mtaalamu hawezi kukuambia una ugonjwa huu kabla ya mwezi mmoja kupita. Na kitu kingine ambacho watu wengi hawakijui, kumkalisha mtu siku ileile ya tukio na kumlazimisha aeleze yote kuanzia mwanzo hakumsaidii, ilishajaribiwa sana ikaonekana haizuii ugonjwa na wengine inawaumiza zaidi. Siku zile za kwanza mtu anataka awe mahali salama, ajue ndugu zake wako wapi, apate maji, blanketi, mtu wa kukaa naye bila kumhoji. Tatizo ni pale mwezi unapita, miezi inapita, na hali iko palepale au inazidi, kama mimi, kama mdogo wako.

Mimi nilikuwa nafanya nini muda wote ule? Nakwepa. Na hapa ndipo nilipoelimika. Kukwepa kunaonekana kama akili, unaepuka kinachokuumiza, nani angekulaumu, lakini kila ninapokwepa basi ubongo wangu unapata ushahidi mpya kwamba basi linaua na mimi nimepona kwa sababu nimekwepa. Hofu inanenepa. Leo basi, kesho gari dogo, keshokutwa mvua, mwisho umebaki na kiti na mlango. Kuambiwa "sahau" ni kuambiwa ukwepe kwa bidii zaidi. Jaribu sasa hivi kutofikiria wipa uone.

Kwa mtaalamu nilipelekwa na mdogo wangu wa kiume, tena kwa kunidanganya kidogo, aliniambia tunaenda kuulizia dawa ya usingizi. Dawa za usingizi nilikuwa nameza tayari, nilijinunulia mwenyewe, na yule mama mtaalamu ndiye aliyeniambia hizo zinanilaza lakini hazitibu kiwewe, akanituma kwa daktari anipunguzie taratibu (msiziache ghafla jamani, ni hatari, muoneni daktari). Kuna dawa nyingine za sonona ambazo kweli huwa zinasaidia watu wenye hali hii, mimi sikuzihitaji, wengine wanazihitaji na hakuna aibu.

Nilidhani nitalala kwenye kochi niulizwe habari za utotoni. Wapi. Kikao cha kwanza alichora kwenye karatasi kilichokuwa kinanitokea, akanieleza hiyo habari ya kukwepa niliyoieleza hapo juu, akaniambia tutafanya nini, kwa vikao vingapi, na kwamba wiki za mwanzo naweza kujisikia vibaya zaidi kabla ya nafuu. Akaniuliza kama niko tayari, na akaniambia nina haki ya kusema hapana. Sijawahi kuulizwa hivyo tangu ajali, wote walikuwa wananiambia.

Njia aliyotumia ilianzishwa na mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa Edna Foa, kawaida ni vikao kati ya 8 na 15, kila kimoja kama saa moja na nusu, mimi nilifanya 13. Ina miguu miwili. Mguu wa kwanza unafumba macho unasimulia tukio kama linatokea sasa hivi, "nimekaa, mvua inanyesha, naona", sio "nilikuwa", na ukimaliza unarudia tena, na tena, na yeye yuko pale anakuuliza tu unaona nini, hofu iko ngapi kati ya 0 na 100. Unarekodi kwenye simu, ukirudi nyumbani unaisikiliza kila siku. Kila siku! Mara ya kwanza nilisikiliza nikatapika. Wiki ya pili nililia tu. Wiki ya tano, na hili naapa ni kweli, nilikuwa nasikiliza huku nakunja nguo na nikagundua nimeanza kuboeka. Nimeboeka na kitu kilichokuwa kinaniua. Nilikaa chini na lile shati mkononi sijui nicheke au nilie.

Mguu wa pili ni ngazi. Unaandika vitu unavyovikwepa kuanzia chepesi mpaka kizito, kila kimoja na namba yake. Kukaa kwenye gari lililozimwa, 35. Kusikia wipa, 75. Kupanda basi siku ya mvua kiti cha dirishani, 100. Unaanzia chini na huondoki mpaka hofu imeshuka yenyewe. Mdogo wangu aliegesha gari lake akawasha wipa kioo kikavu kabisa, hakuna hata tone la maji, ile sauti kama ya kukwaruza sahani, na mimi nimeshika mlango vidole vimekuwa vyeupe. Dakika ya kumi nilimwomba azime. Akaniambia dada tulikubaliana. Dakika ya ishirini bado. Ilipokaribia saa nzima nikamwambia hizi wipa zako zimeisha mpira zinatakiwa kubadilishwa, akageuka akanitazama machozi yanamtoka, manake ndo mara ya kwanza nimeisikia ile sauti kama sauti ya wipa.

Lakini kilichokuwa kimenikaba kabisa sio wipa. Kikao cha saba nilisema kitu ambacho sikuwahi kumwambia mtu, kwamba yule binti nimemuua mimi. Nilidhani yule mama atanikatiza aseme hapana sio kosa lako, kama wangesema wote. Hakusema. Aliniuliza, ulipompisha kile kiti, ulikuwa unajua nini? Nikasema nilijua anatapika safarini. Akauliza, kingine? Nikasema hakuna. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akaniuliza, kwa hiyo ulimpa kiti kwa nini? Nikasema nilimwonea huruma. Hapo ndipo niliposikia mdomo wangu mwenyewe umesema. Mwaka mzima na zaidi nilikuwa nikijihukumu kwa jambo nililokuja kulijua baada ya ajali, namhukumu mtu aliyekaa ndani ya basi kabla halijaondoka, ambaye alikuwa anajua kitu kimoja tu, kwamba kuna mtoto wa watu anaumwa na safari. Nililia siku hiyo kilio tofauti na vyote. Kilikuwa cha msiba. Nilikuwa sijawahi kumlilia yule binti, nilikuwa najililia mimi na hatia yangu.

Ndo maana nakataa mtu akisema ni kupiga stori tu, au ni kupewa ushauri. Ushauri nilikuwa nao wa kutosha, kila jirani alikuwa na wake. Maombi nayo sikuyaacha na sitayaacha, lakini na mkono ulipovunjika niliomba huku niko na plasta.

Njia ziko nyingi na sio lazima iwe hiyo yangu. Kuna ya mwanasaikolojia Patricia Resick ambayo inashughulika zaidi na zile fikra zilizokwama kama ile yangu ya "nimemuua", aliianzia kwa wanawake waliobakwa, kwa kawaida ni vikao 12 na kazi nyingi ya kuandika. Kuna ya mwanasaikolojia mwingine, Francine Shapiro, aliyoianza mwaka 1987 ambapo unashika kumbukumbu kichwani huku macho yanafuata kidole cha mtaalamu kulia na kushoto, inaonekana ya ajabu na wataalamu bado wanabishana kama hayo macho ndiyo yanayotibu, lakini kwamba inasaidia imeonekana, na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani liliitaja kati ya tiba linazozipendekeza. Watoto wana yao ambayo mzazi anafundishwa pamoja na mtoto.

Na kwa wale mtakaosema haya ni ya watu wenye mahospitali makubwa, kuna moja inaitwa tiba ya kusimulia maisha, iliyofanyiwa majaribio na wakimbizi kambini Nakivale, Uganda. Wanalaza kamba chini, hiyo ndo maisha yako tangu kuzaliwa, unaweka ua pale palipotokea jema na jiwe pale palipotokea baya, halafu vikao vinavyofuata mnatembea kwenye hiyo kamba jiwe kwa jiwe na maua yake, mpaka jiwe lijue mahali pake na mwaka wake. Ukimaliza unakabidhiwa maisha yako yameandikwa kwenye karatasi. Waliokuja kutoa hiyo tiba hata hawakuwa madaktari, walikuwa wakimbizi wenzao waliofundishwa kazi na kusimamiwa vizuri, na watu walipata nafuu. Hii habari ya mawe na maua huwa naifikiria sana. Mimi nilikuwa na jiwe moja nikadhani kamba nzima ni jiwe.

Haiponyi kila mtu, niseme wazi. Wapo wanaoacha katikati, wapo wanaomaliza na bado wana dalili, wapo waliokutana na kaunsela asiyejua kazi akawafungua kidonda akawaacha nacho. Kwa hiyo ukienda uliza: unatumia njia gani, umejifunzia kiwewe, tutajuaje kama inafanya kazi? Akikasirika kwa kuulizwa ondoka. Akikuambia atakuponya kwa kikao kimoja ondoka pia. Na kama anayekuumiza bado mnaishi naye nyumba moja, kwanza usalama, mengine baadaye, huwezi kufundisha mwili kwamba hatari imepita wakati haijapita.

Mhariri, kwenu ombi langu ni dogo. Mkiandika ajali mnaandika waliokufa na majeruhi, na majeruhi mnahesabu mifupa. Hebu mara moja moja mrudi baada ya miezi sita muulize wanalalaje. Na hilo neno "mwendawazimu" kwenye vichwa vya habari mlipunguze, sababu mimi lilinichelewesha. Niliogopa kuitwa hivyo kuliko nilivyoogopa basi.

Na sasa wewe kaka. Sijakuandikia kwa ugomvi. Mtu asiyempenda mdogo wake asingejua kama taa inawaka usiku. Usimlazimishe akusimulie, na usimchukulie kiti chake kwa sasa, kile kiti kinamsaidia kufika asubuhi. Usimwambie awe mwanaume. Tafuteni mtu aliyesomea kazi hii, na ikibidi mpeleke kwa janja kama nilivyopelekwa mimi, lakini mkifika mlangoni mwambie ukweli. Kaa nje umsubiri. Akitoka usimuulize wamesema nini, ulizia kama ana njaa. Na leo ukirudi nyumbani ukamkuta pale mlangoni mwambie kuna dada mmoja kaandika kwenye gazeti, naye alikuwa halali kitandani, sasa hivi analala kitandani, taa imezimwa, na juzi mvua ilinyesha usiku kucha hakuisikia.

Jina langu mnalo, naomba msilitoe.

Ni mimi msomaji wenu